Miche ya Pilipili Juu ya Paa la Mama Lohay

Dongobesh. Alhamisi, mwezi wa Novemba.

Manyunyu tangu asubuhi. Mawingu yameshuka mpaka nyumba za ng'ambo ya bonde hazionekani. Kila mtu anaifurahia hali hii, ardhi imelainika na majembe yametoka. Mimi sikuifurahia. Nimekaa kwenye kigoda nyuma ya duka, naandika kabla mwanga haujaisha, na uso bado unaniwaka kama nimeinamia chungu cha uji.

Nina aibu.

Nilidhani nikiliandika hilo neno nitapata nafuu. Sijapata. Basi niandike yote, nianze na pilipili, maana ndizo zilizonifikisha hapa.

Mtu aliyezaliwa Kondoa hawezi kula ugali na maharage mwaka mzima bila pilipili mbichi. Huku baridini pilipili zinaletwa na lori, zimekauka, hazina harufu, unatafuna kama unatafuna ganda la mti. Mwaka jana nilisia mbegu nje, zikaoza kwa baridi. Nikasia tena ndani, kwenye debe la mafuta ya taa lililokatwa katikati, nikaliweka chumbani kwetu. Usiku bati letu linatoa baridi mpaka maji ya kunawia yanauma vidole. Ikaota miche michache, ikajikunja, ikafa. Baba Hadija, mume wangu, akanitangaza dukani: "Mke wangu siku hizi anafuga majani, na majani yenyewe yanamfia." Wateja wakacheka. Na mimi nilicheka, lakini moyoni nikaapa kwamba pilipili mbichi ya kwanza Dongobesh itatoka mkononi mwangu. Hata wake za wenye maduka wa Mbulu walipopita na lori niliwaambia hivyo hivyo, tena kwa sauti.

Kiburi hicho. Sikuwa na njaa ya pilipili kama nilivyokuwa na njaa ya kusifiwa.

Mama Lohay ndiye aliyesema, "Lete kwangu." Ni jirani yangu, Mmbulu, nyumba yake iko chini kidogo ya duka letu. Ni tembe la kwao hasa, limechimbwa ndani ya mteremko, paa lake ni la udongo, tambarare, na kwa nyuma linakutana na kilima, hata mbuzi anapanda bila kuruka. Ndani, ndama na mbuzi wanalala upande mmoja na watu upande mwingine. Mtu wa bati akiingia mara ya kwanza anaziba pua. Akikaa kidogo anavua shuka. Lile joto la wanyama halizimiki usiku kucha.

Tukapeleka madebe yangu kwake, tukayapanga kwenye uchaga juu ya ndama. Nilikuwa nimeroweka mbegu kwenye maji ya vuguvugu, na udongo tuliuchanganya na samadi ya zamani iliyokwisha kupoa. Ziliota upesi mpaka nikapiga kigelegele. Kumbe tulikuwa tumetatua baridi tukasahau giza. Tembe halina dirisha. Miche ikarefuka kama nyuzi, rangi ya manjano, ikatafuta ule mwanga wa mlangoni mpaka ikalala. Tulicheka sana siku ile. Mama Lohay akasema, "Hii ni watoto wa mjini, inajua kurefuka tu." Tukang'oa yote, tukasia upya.

Mara ya pili tulipata akili. Usiku madebe yanalala ndani na ndama, asubuhi jua likitoka yanapandishwa juu ya paa, jioni yanashushwa. Maji kidogo, kwa ncha za vidole, na udongo wa juu uachwe ukauke kwanza, maana mche ukishinda umelowa shina linalainika pale chini, unaanguka kama mlevi. Majivu makavu tulinyunyiza kidogo. Na kila asubuhi Mama Lohay alikuwa anapitisha kiganja chake juu ya miche, taratibu, kama anayempapasa mtoto kichwani. Alisema upepo ukija usiikute haijawahi kuguswa. Kweli mashina yalinenepa, majani yakawa kijani kilichokolea. Tulikuwa tunakaa pale paani asubuhi, yeye na tumbo lake kubwa, mimi na maneno yangu mengi. Baba Lohay alikuwa Basotu na ng'ombe. Mama Lohay alikuwa na mimi tu, na mwanawe mdogo Lohay.

Halafu akajifungua, na mtoto hakulia.

Wambulu wana mila nzito juu ya jambo hilo. Nyumba iliyofikwa na kifo cha namna hiyo inakaa kando. Mama haendi kisima cha wote, hakanyagi mashamba ya watu, haombwi moto wala haombi. Hakuna kitu cha nyumba ile kinachotoka, si kibuyu, si mbegu, wala kijinga cha moto, kwa sababu wanasema balaa linasafiri na vitu, likaingie kwenye mazao na mifugo ya wengine. Anakaa hivyo mpaka wazee wamtoe. Mama Lohay aliambiwa atatoka mwezi mpya utakapoandama. Siku hizo ni karibu sana, na mwenyewe alikuwa anazihesabu, kwa sababu mvua imeshaanza. Akitoka kwa wakati atapanda mahindi na maharage yake kama wenzake. Akichelewa, mwakani yeye na Lohay watakula nini?

Kwetu kwenye msiba mtu huenda. Kama huna cha kupeleka, unaenda na miguu yako, unakaa mkekani, unasema pole. Mimi sikwenda. Nilisimama mlango wa nyuma nikajiambia, mila yao hairuhusu, nisije nikawaudhi. Kusema kweli niliogopa. Niliogopa kumwona uso, nikaogopa na wateja watasema nini wakiniona natoka mle. Mila yao ikanifaa kama mwavuli.

Na kila asubuhi, nikifungua ule mlango wa nyuma, niliyaona madebe yangu juu ya paa, yamepangwa, yakiota jua. Jioni hayapo. Kesho yake yapo tena. Nikasema moyoni, alhamdulillah, miche yangu iko salama. Sikuwahi kujiuliza anayeyabeba yukoje.

Hilo ndilo linalonila zaidi ya yote. Mwanamke aliyetoka kuzika, maziwa bado yanamtoka, anapanda kilima na madebe yangu asubuhi na kuyashusha jioni, na mimi namwangalia kama mtu anayeangalia mtumishi.

Mvua ilipoanza nikaanza kuhangaika. Miche ilikuwa tayari kabisa kuhamishwa, ingekaa zaidi kwenye madebe mizizi ingejisokota. Nilikuwa nimemwahidi Mama Safari, anayekaa ng'ambo ya kijito, na wenzake wawili. Nikaanza kujihubiria. Miche ni yangu. Madebe ni yangu. Paani si ndani. Na mimi ni Mwislamu, mambo ya balaa kusafiri kwenye debe hayanihusu. Unaona? Kwenye kutoa pole nilikuwa mtu wa mila kuliko Wambulu wenyewe. Kwenye kuchukua miche nikakumbuka dini.

Jumamosi iliyopita nilimvizia. Alipoteremka na kibuyu kwenda kwenye kile kichemchemi chake cha peke yake, nilizunguka nyuma kwa kilima, nikapanda paani, nikayafunga madebe kwenye kanga, safari mbili. Sikuita hodi. Mtu anachukua kilicho chake bila kuita hodi, halafu anasema hakuiba!

Nilikuta paa limefagiliwa. Kuzunguka madebe alikuwa amepanga miiba ili mbuzi wasile.

Niliisogeza miiba kwa mguu.

Siku ile ile niligawa miche. Mama Safari alishika mmoja, akaugeuza, akaniuliza nimeioteshaje ikawa na shina kama la mti. Nikajibu, "Chumbani kwangu, dirishani." Sijui ulimi ulitoa wapi wepesi ule. Nikabaki na debe moja, nikaliweka dirishani kweli, nadhani ili uongo uwe na kiti cha kukalia.

Leo Mama Safari alikuja dukani kutaka chumvi. Mume wangu alikuwa anakata kitambaa cha amerikani, mimi napima chumvi.

"Mama Hadija, miche yako imeshika yote," alisema. "Hata mmoja haukulala. Mimi nawaambia watu, mke wa duka ana mkono."

"Ashukuriwe Mungu," nikasema.

"Lakini wewe hujasikia ya Mama Lohay?"

Nikasema sijasikia. Hilo lilikuwa kweli.

Akaniambia. Mama Lohay alirudi kutoka majini akakuta paa tupu. Hakuita mwizi. Alisimama pale juu akamwita shemeji yake aliyekuwa analima mbali, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka: awaambie watu vitu vya nyumba hii vimetoka, mwenye navyo asivipande, arudishe, asije akadhurika. Wazee walipomuuliza kwa mbali ni vitu gani, akasema miche. Ya nani? Akasema ni yake.

"Ya kwake?" niliuliza.

"Ndiyo alivyosema. Mjinga gani anaweka miche nje na yeye yuko kando? Wazee wamekasirika. Wanasema ameshindwa kuchunga vitu vyake, basi aanze upya. Mwezi ukiandama hatoki." Akafunga chumvi kwenye ncha ya kitenge. "Na mvua ndiyo hii. Maskini. Mimi kwa kweli namhurumia, lakini mila ni mila."

Alimaliza kwa kuuliza kama nitampa miche mingine mwakani. Mzani ulikuwa mkononi mwangu bado, na hapo ndipo pa kusema. Watu watatu tu dukani. Ningesema, Mama Safari, kang'oe ile miche, ni ile ile.

Nilisema, "Karibu tena."

Akaenda zake na mvua, akiimba kidogo.

Mama Lohay anajua. Paani palikuwa na miche ya nani kama si yangu? Alijua tangu alipoona miiba imesogezwa na madebe hayapo. Na alipoulizwa akasema ni yake. Angesema jina langu, wazee wangekuja kwangu, naye angetoka kwa wakati wake. Nimewaza kwa nini, na sijapata jibu ila hili: alijua watu wakisikia vitu vya nyumba yake vimeingia dukani, hakuna Mmbulu atakayenunua hata kibiriti hapa. Alinikinga. Mimi sikumpa hata pole.

Nilimwambia mume wangu pale pale, mkasi ukiwa bado kwenye kitambaa. Hakupiga kelele, angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliangalia mlango, akasema polepole, "Mama Hadija, utafunga duka hili kwa mdomo wako. Nyamaza. Mambo yao yatapita." Nikamwambia mambo yao yatapita, lakini msimu wa kupanda hautamsubiri. Akasema, "Tutampelekea debe la mahindi mwakani." Kwa muda niliona ni wazo zuri. Naandika hili ili nisije baadaye nikajisimulia kwamba nilikuwa jasiri. Niliona ni wazo zuri, nikaenda kupika.

Nikapika maharage. Nikakatia na pilipili kavu ile ile. Nikayaacha yapoe.

Baada ya adhuhuri nilijitanda kanga nikaenda kwa Mzee Bayo, ambaye neno lake ndilo linalosikilizwa kwenye mambo haya. Nilimkuta anakarabati zizi, mikono imejaa tope, na wazee wenzake wawili wakimshikia nguzo. Nilisimama mbali, kwenye njia, mvua ikininyeshea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mke wa duka. Sogea, unalowa."

"Sisogei, mzee. Nisikilize kwanza ndiyo useme nisogee."

Nikasema yote. Kwamba miche ilikuwa yangu. Kwamba Mama Lohay aliiweka paani kwa ajili yangu. Kwamba nilingoja ageuze mgongo. Nilitaja na waliopanda, na ule uongo wa dirishani, na ilivyokuwa leo kwenye mzani. Sauti ilikuwa inanitoka kama ya mtoto aliyevunja mtungi. Wale wazee wawili waliachia nguzo. Mmoja alirudi nyuma hatua kadhaa, sikumlaumu, lakini nililiona na litabaki nami.

Mzee Bayo alijisugua tope vidoleni.

"Kwa hiyo yeye hakutoa kitu," alisema.

"Hakutoa."

"Na alipoulizwa akasema ni yake."

"Ndiyo, mzee."

"Huyu mwanamke," alisema, akawageukia wenzake.

Walisemezana kwa Kimbulu. Halafu akanipa hukumu, bila ukali, kama mtu anayeelekeza njia. Mama Lohay atatoka mwezi ukiandama, kama ilivyopangwa. Wale waliopanda wang'oe miche leo leo, na mume wangu atoe kondoo wa kusafishia bustani zao. Na mimi, kwa kuwa nimeingia kwenye vitu vya nyumba ile, nitakaa kando hali kadhalika. Nisiuze dukani, nisichote kisima cha wote, nisiombe moto kwa mtu, mpaka waniite.

Nikauliza, sijui hata nilipata wapi ujasiri, "Na kwa Mama Lohay je? Naweza kwenda?"

Mzee Bayo akanitazama mara ya kwanza usoni.

"Huko? Huko sasa utaharibu nini?"

Nimerudi nyumbani nikilia, na sikujifunika. Kwenye kijito nilimwona Mama Safari kwenye bustani yake, ameinama. Habari ilikuwa imenitangulia, maana alikuwa anang'oa. Alisimama na miche mkononi, mizizi myeupe, mizuri, yenye afya, ambayo sijawahi kuona mizuri kama hiyo. Nilitaka aseme neno, hata tusi. Alinipa mgongo akaendelea. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi yangu ilishindwa hata kuvuka kijito.

Mume wangu amekwenda kutafuta kondoo. Amenung'unika tangu mlangoni mpaka barabarani, lakini amekwenda, na kabla ya kuondoka alinitengea mafiga matatu huku nyuma ili niwe na moto wangu. Dukani leo jioni hajaingia mtu. Kama wataendelea hivi, sijui. Nimemtia hasara mtu ambaye kosa lake ni kunioa. Hilo nalo ni aibu, na haina haraka ya kuondoka.

Debe moja limebaki dirishani. Nimelitazama sasa hivi. Miche imeanza kuinamia kioo, shingo imerefuka, rangi imepauka kidogo. Siku chache tu bila kiganja cha mtu na bila joto la ndama, na mimi niliyewaambia watu kwamba nimeiotesha hapa! Miche yenyewe inanisuta.

Kesho asubuhi nitalirudisha debe kule lilikolelewa. Nitabeba na kuni, kwa sababu yuko peke yake na Lohay, na siku hizi kuni zote zimelowa. Nimefikiria maneno mengi ya kumwambia, nimeyaacha yote. Nitaanza na pole, ile ambayo imechelewa. Akinifukuza, nitaweka kuni chini na kurudi, na kesho kutwa nitakwenda tena.

Hakuna mtu mwingine Dongobesh nzima anayeruhusiwa kuingia kwake. Ni mimi tu, niliye kando kama yeye. Kwa nyuma nimeshapita, nikanyata mpaka paani. Kesho nitapita mbele, nitasimama mlangoni, na nitaita hodi.